Kabla ya Kulipa Ada, Kitembelee Chuo Usiku

Poda ilikuwa bado kwenye nywele zake pale ubishi ulipoanza. Mtoto wa dada yangu alikuwa ametoka kupata diploma ya serikali, majirani wa mtaa wetu wa Katuba walikuwa wamemmwagia poda nyeupe toka kichwani hadi kwenye viatu, kama tunavyowafanyia hapa Congo watoto wote wanaofaulu Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari, na mama yake alikuwa uani akipuliza moto wa babula, jiko letu la mkaa. Baba yake ndipo akauliza swali linaloulizwa siku hiyo katika kila nyumba ya Lubumbashi: sasa ataenda wapi?

Binti alikuwa na jibu tayari. Alitoa simu akatuonyesha picha za chuo kimoja cha binafsi: geti lililopakwa rangi mpya, ukumbi wenye viti vya kuzunguka, vijana wa fulana moja wakicheza mpira wa kikapu, bwawa la kuogelea. "Mjomba, huku kuko maisha," akaniambia mimi, maana kwa baba yake alijua hatapata kitu. Shemeji hakuitazama simu. "Chuo si hoteli," alisema. "Ataenda pale ada ni ndogo na jina linajulikana."

Tangu siku hiyo nimezungumza na wazazi wengi wa mji huu, na karibu wote wako upande wa shemeji yangu. Kuchagua chuo kwa sababu ya maisha yake, mabweni yake, maktaba yake, viwanja vyake na watu utakaoishi nao, kwao ni utoto. Mimi naona binti alikuwa na haki ya kuanzia hapo. Alikosea kitu kimoja tu: alikiangalia chuo mchana, tena kwenye picha. Chuo kikuu hujulikana usiku.

Tuanze na hesabu ya saa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukaa darasani saa tano, sita kwa siku, na kuna siku mwalimu hatokei kabisa. Saa zinazobaki ni nyingi kuliko zile za mwalimu. Na mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), ambao vyuo vyetu viliingizwa kwa jumla kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, umezihesabu saa hizo. Zamani tulikuwa na miaka mitatu ya graduat na miwili ya licence; sasa ni miaka mitatu ya licence na miwili ya master, na kila mwaka una krediti 60. Krediti haipimi mihadhara peke yake. Ndani yake imo kazi ya mwanafunzi mwenyewe: kusoma, kuandika, kufanya mazoezi, kutafuta kitabu na kukirudia. Kwa maneno mengine, serikali imekwisha kuandika kwenye karatasi kwamba sehemu ya diploma hupatikana mwalimu akiwa amekwenda nyumbani kwake. Basi mwanafunzi anayeuliza atakaa wapi saa hizo, na kwa mwanga gani, anauliza juu ya masomo yenyewe.

Mwaka wangu wa kwanza nililijua hilo kwa mwili. Nilipanga chumba mbali na chuo, kwa sababu ndicho tulichoweza kulipia. Saa kumi jioni masomo yakiisha, nilipanda basi hadi mjini, nikashuka, nikagombania jingine, nikafika giza limeingia. Umeme ukiwepo nilisoma. Usipokuwepo niliwasha mshumaa, na mshumaa una bei. Vitabu sikuvigusa, maana maktaba ilifungwa saa ile ile niliyotoka darasani. Nilinunua silabusi za walimu, yaani mihadhara yao iliyochapwa, nikazikariri mstari kwa mstari, nikafaulu. Hadi leo naweza kukutajia ukurasa fulani wa silabusi fulani. Nilichoelewa mwaka ule kingejaa kwenye kiganja.

Mwaka wa tatu nikaingia bwenini, kwenye chumba cha watu wawili tulichokaa watano. Mimi nilikuwa mmoja wa wale wasioandikwa popote, anayelala kwenye godoro la sakafuni kwa hisani ya mwenye kitanda. Congo tunamwita maquisard. Mwenye kitanda alikuwa kijana wa Bukavu, mwanafunzi wa jiolojia. Ugali yeye aliuita bugali, mimi nikauita bukari, na ubishi wa nani anakosea ulituchukua muhula mzima.

Dirishani alikuwa na jiwe la kijani alilowekea karatasi zisipeperuke. Usiku mmoja, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikiwa jikoni, nilimuuliza ni la nini. Alilichukua, akalikwaruza kwa msumari, akanionyesha unga wake kwenye kidole: kijani hafifu, kama ukungu wa mkate. Kisha akatoa kichupa cha dawa ya macho alichotilia tindikali nyepesi ya maabara, akadondosha tone moja. Jiwe likatoa povu. "Hii ni malakiti," alisema. "Ndani yake mna shaba na mna hewa ya kaboni. Hiyo povu ni hewa inatoka. Shaba inabaki." Akaendelea kunieleza jinsi mvua ya mamilioni ya miaka inavyoshuka ndani ya mwamba, ikayeyusha shaba na kuipandikiza upya karibu na uso wa nchi, ndiyo maana wazee wa Katanga waliweza kuichimba kwa mikono na kuiyeyusha kwenye tanuru za udongo kabla Mbelgiji yeyote hajafika.

Mimi nilikuwa nasoma historia. Nilijua kwa kichwa kwamba Union Minière, kampuni ya madini ya wakati wa Wabelgiji, iliundwa 1906 na kwamba mji wetu ulianzishwa 1910. Nilikuwa nimekua nikiliona dohani kubwa la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima mweusi wa mabaki ya shaba kila asubuhi. Lakini kwamba mji huu umekaa hapa ulipo, na si kwingine, kwa sababu ya kile kilichokuwa kikitoa povu kwenye dirisha letu, hakuna mwalimu aliyekuwa amenieleza hivyo. Nilibadilisha mada ya kazi yangu ya mwisho wiki ile ile. Hayo ndiyo maisha ya chuo ninayoyasemea. Bia ipo, muziki upo, vituko vya kuwapokea wanafunzi wapya vipo, na vingine ni vya kupigwa marufuku kabisa. Lakini watu watano wa vitivo vitano wanaosubiri sufuria moja ichemke ni kitu ambacho hakuna silabusi inayokiuza.

Historia ya vyuo vyetu inalithibitisha jambo hili kwa njia ya ajabu. Agosti 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vitatu kuwa kimoja, UNAZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, jina la nchi hii enzi za Mobutu: Lovanium ya Kinshasa iliyofunguliwa 1954, chuo cha serikali cha hapa Lubumbashi kilichofungua milango 1956 mji ukiitwa bado Élisabethville, na chuo cha Kiprotestanti cha Kisangani kilichoanza 1963. Kisha vitivo vikagawanywa. Sheria na Tiba zilibaki Kinshasa, Saikolojia na Elimu zikaenda Kisangani, Fasihi zikaletwa Lubumbashi. Hakuna aliyechagua mji. Ukitaka Fasihi, uwe umezaliwa Matadi au Uvira, ulikuja Kasapa, kampasi ya chuo hapa Lubumbashi. Ulikuwa uamuzi wa mabavu, ulitoka kwa serikali iliyowaogopa wanafunzi, na ulisumbua watu wengi. Lakini waliopita Kasapa miaka ile, ukiketi nao leo, hawaanzi kwa walimu. Wanaanza kwa chumba: nani alikuwa upande wa dirisha, nani alipika, nani aliwafundisha Kiluba, nani aliwafundisha Kikongo.

UNAZA ilivunjwa 1981, na baada ya hapo milango ikafunguka. Goma ikapata Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu (ULPGL) mwaka 1985. Bukavu ikapata Chuo Kikuu cha Kikatoliki mwaka 1989. Mwaka 1993 Chuo cha Kisangani kikafungua matawi Bukavu na Goma, ambayo baadaye yalijitegemea yakawa Chuo Kikuu cha Serikali cha Bukavu (UOB) na Chuo Kikuu cha Goma (UNIGOM). Lubumbashi nayo imejaa vyuo, vya makanisa na vya watu binafsi. Nimefurahi kwa hilo na nasema bila kusita: maelfu ya vijana, na hasa wasichana ambao wazazi wasingewaachia kusafiri, wamesoma kwa sababu chuo kimewafuata nyumbani. Ila tulipoteza kitu, na sijaona mtu akikidai. Kijana wa Katuba anasoma na vijana wa Katuba, analala kwa mama yake, anajiunga na umoja wa watu wa kwao, anamaliza miaka mitano bila kuwahi kugawana chumvi na mtu wa mkoa mwingine. Katika mji ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliwafukuza majirani zake wa Kasai na kuwapakia kwenye mabehewa ya treni, hilo si jambo dogo. Kwa hiyo binti anapouliza "nitaishi na nani?" mzazi asimkatize. Hilo ni swali zito kuliko la bwawa.

Na kuna usiku wa aina nyingine ambao Lubumbashi haitausahau. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wiki chache baada ya Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja, watu wenye silaha waliingia kwenye mabweni ya chuo hapa mjini wakawashambulia wanafunzi. Walionusurika walisimulia kwamba umeme ulizimwa kwanza. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo, na ushirikiano wa Ubelgiji na Zaire ulivunjika kwa sababu ya tukio hilo. Nchi imebadilika, na sitaki kumtisha mtoto wa mtu. Lakini mzazi wa mji huu anayeuliza bweni lina ukuta gani, geti linafungwa na nani, taa za njiani zinawaka au haziwaki, hapaswi kuonekana mwenye wasiwasi wa bure. Wenzetu wa Goma, walioikimbia volkano ya Nyiragongo Januari 2002 na tena Mei 2021, kisha wakaona vita ikiingia mjini Januari 2025, na wa Bukavu walioiona ikiwafikia mwezi uliofuata, wao huanzia hapo hapo. Kwao swali la kwanza ni kama mwanafunzi atamaliza mwaka mahali alipouanzia.

Wasichana wanalijua hili kuliko sisi wanaume. Muulize msichana yeyote anayesoma chuoni ni kitu gani kinamrudisha nyumbani mapema, atakutajia vitu viwili: njia kutoka getini hadi kituo cha basi, na choo. Choo kisicho na maji, kisicho na kitasa, au kilichofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake anao mzee mmoja asiyeonekana baada ya saa tisa. Siku nne, tano kila mwezi, msichana huyo ataikosa maktaba hata kama ina vitabu vyote vya dunia. Watu wazima hupenda kuzungumzia maabara na kompyuta. Mimi ningeanza na bomba na kitasa cha mlango.

Sasa nirudi kwa bwawa la kuogelea, maana binti alinihoji juu yake. Sina neno baya na bwawa. Uwanja wa mpira ni kitu kizuri, na mashindano ya vitivo yamefanya urafiki mwingi kuliko sherehe zozote. Tatizo ni kwamba picha inaonyesha kitu, haionyeshi kama kinatumika. Nimewahi kuingia chuo ambacho kompyuta 30 zilikuwa zimefunikwa vitambaa vyeupe kama meza za arusi, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho akaniambia zinafunuliwa mgeni akija. Nimeingia kingine, majengo ya zamani, rangi imebanduka, lakini chumba cha kusomea kilijaa hadi watu wamekaa sakafuni, na mlinzi wa maktaba alikuwa mwanamke anayejua kila kitabu kiko wapi bila kutazama daftari. Maktaba ni saa zake za kufunguliwa. Intaneti ya chuo ni ile inayofika bwenini saa ambayo watu wote wameiingia, si ile ya ofisi ya mkuu. Maabara ni idadi ya mikono inayogusa darubini moja.

Upo pia upande mbaya wa maisha ya chuo. Bweni linaweza kukuharibia usingizi mwaka mzima. Baa zilizojipanga mbele ya geti zina spika kubwa, na ndani ya bweni kwenyewe kuna vikundi vya maombi vinavyokesha kwa sauti ileile. Kijana aliyetoka nyumba yenye nidhamu kali anaweza kupotelea hapo mwezi wa kwanza. Ndiyo sababu nasema aende akasikie. Kelele haionekani kwenye picha.

Shemeji yangu ana mambo mawili ambayo simnyang'anyi. La kwanza, chuo kiwe kinatambuliwa na wizara, na kitivo unachokitaka kiwe na ruhusa. Bila hiyo hakuna bweni litakalokusaidia, utatoka na karatasi isiyofungua mlango. La pili, pesa. Ila pesa aihesabu yote. Ada ndogo ya chuo kilicho upande wa pili wa mji ina mabasi mawili ya kwenda na mawili ya kurudi, siku sita kwa wiki, mihula miwili. Ina mshumaa, ina kifurushi cha intaneti kinachonunuliwa kila siku kwa sababu chuo hakina, ina fotokopi za kitabu ambacho maktaba ingekuazima bure. Nilikaa naye na kalamu tukajumlisha. Tofauti kati ya vyuo viwili aliyoiona kubwa ilipungua hadi akanyamaza kidogo, akaomba tuhesabu tena.

Wiki iliyopita nilimchukua binti tukaenda kwenye vyuo vyote viwili, saa moja jioni, bila taarifa. Kile cha bwawa kilikuwa kimya. Chumba cha kusomea kilikuwa na mwanga mzuri, viti vizuri, na wanafunzi sita. Mlinzi, mtu mwenye adabu, alituambia wengi hurudi kwao na magari ya saa kumi. Binti alimuuliza, "Papa, taa hii inazimwa saa ngapi?" Akajibu saa nne, isipokuwa Jumamosi na Jumapili ambapo hapafunguliwi. Aliandika kwenye simu.

Cha pili kilikuwa na foleni. Bidoni za njano za lita 20 zilijipanga mbele ya bomba moja, kila moja na jina limeandikwa kwa kalamu nzito, wenyewe wakiwa wamekaa kando. Umeme ulikuwa umekatika upande wa mabweni. Taa moja ya sola iliwaka karibu na geti, na chini yake walikuwa vijana kama 20, wengine wamesimama na madaftari, wawili wakibishana juu ya hesabu iliyochorwa kwa kijiti kwenye vumbi. Mmoja wa wale wawili alikuwa na lafudhi ya Goma. Nilimwona binti akisogea kuisoma ile hesabu, kisha akakumbuka alichojia.

Alimwendea msichana mmoja aliyekaa kwenye bidoni yake, akamwita yaya, kwetu maana yake dada mkubwa. "Yaya, choo usiku iko wapi?" Yule hakuonyesha kwa kidole. Aliinuka, akamkabidhi mwenzake bidoni, akawasha tochi ya simu, wakaenda wote. Walichukua robo saa. Nilisimama pale nikisikiliza ubishi wa hesabu, ambao yule wa Goma alikuwa anaushinda.

Kwenye basi la kurudi aliniambia choo ni kibaya, hakina maji, na wasichana huenda wawili wawili. Aliniambia pia kwamba chumba cha yule yaya kina wasichana wanne, mmoja wa Kalemie, na kwamba wana nafasi ya mtu mmoja kuanzia mwezi wa kumi. Namba ya simu alikuwa ameshapewa. Ada ya sehemu ya kwanza italipwa mwisho wa mwezi. Shemeji amesema kabla hajatoa pesa ataenda mwenyewe, jioni, akalione lile bomba.